Shahidi Mmoja Chini ya Boneti

Lori la kontena linapofika Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, likitokea Mombasa, ofisa wa forodha hapandi juu kuhesabu magunia. Anasoma karatasi, anatazama muhuri, na siku hizi anaulizia kufuli ya kielektroniki iliyobanwa mlangoni mwa kontena, ambayo njia nzima imekuwa ikituma habari kwamba mlango haujafunguliwa. Mamlaka za kodi za Kenya, Uganda na Rwanda zilianza kuutumia mfumo huo kwa pamoja mwaka 2017. Mwaka uliofuata, tarehe 24 Februari, marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni walizindua rasmi kituo cha pamoja cha mpakani, na tangu hapo gari husimama mara moja tu, upande linakoingia. Mji mzima unapata riziki kwa sababu watu wamekubali kuamini habari za mambo wasiyoyaona.

Hatua chache kutoka kwenye foleni hiyo, kwa mafundi wa jua kali, kanuni ilikuwa kinyume kabisa: usiamini usichokigusa. Fundi wa kabureta alikuwa mtu wa macho, pua na masikio. Aliondoa chujio ya hewa, akavuta kebo ya mafuta kwa mkono, akaona mwenyewe petroli ikichuruzika kooni mwa kabureta. Alichomoa plagi na kuisoma kama tabibu asomavyo ulimi wa mgonjwa. Nyeusi yenye masizi, petroli imezidi. Nyeupe kama chokaa, hewa imezidi. Ya kahawia, mwenye gari aende zake salama. Pointi zilizoungua aliziona, na cheche iliyochelewa aliisikia kwenye mlio. Hakungoja kuambiwa.

Sasa mletee fundi huyo Peugeot 504, gari ambalo watu wa Magharibi ya Kenya hawahitaji kuelezwa. Lilitoka kiwandani Ufaransa mwaka 1968, likatangazwa Gari la Mwaka la Ulaya la 1969, baadaye likawa linaunganishwa Mombasa, na kwa miaka mingi "Pijo" yenye safu tatu za viti ndiyo iliyobeba abiria wenye haraka. Tuseme mwenye gari hili amechoka na kabureta ya Solex iliyoliwa na umri, ambayo spea zake halisi zinatafutwa kwa tochi. Ameagiza mfumo wa kisasa wa kunyunyiza mafuta: nozeli, pampu ya umeme inayosukuma petroli kwa shinikizo la baa tatu au nne badala ya lile robo baa lililoitosha kabureta, koili mpya, sensa nusu dazeni, na kisanduku cha kompyuta kisichozidi ukubwa wa Biblia. Wiki mbili gari linakwenda kama limetoka dukani. Ya tatu linaanza kukohoa, linatoa moshi mweusi, plagi zinalowa, na kila likipata joto linazima. Mfano huu ni wa kubuni. Hitilafu zake si za kubuni, na zitaelezwa moja baada ya nyingine.

Fundi anafungua boneti. Hakuna cha kuona.

Hapo ndipo ufundi unapoingia kwenye falsafa bila kubisha hodi. Swali lililomkabili fundi limewakabili mahakimu, wapokezi wa hadithi za Mtume na maofisa wa forodha kwa karne nyingi: habari uliyoletewa na mwingine inafikia lini kuitwa elimu? Injini ya kabureta haikuwa na swali hilo, kwa kuwa ndani yake hakuna anayemwambia mwenzake lolote. Hewa inapita kooni, inavuta petroli, basi. Hata kunyunyiza mafuta kwenyewe kulianza bila maneno. Bert Shankland, aliyekuwa akiishi Tanzania, alishinda East African Safari mwaka 1966 na tena 1967 kwa Peugeot 404 iliyokuwa na pampu ya Kugelfischer, na pampu ile haikuwa na kompyuta wala sensa ya umeme. Ilikuwa chuma kinachosukuma chuma. Wamarekani wa Bendix walijaribu kuingiza umeme mwishoni mwa miaka ya 1950, wakauza magari machache, na mengi yakarudishiwa kabureta. Ni mwaka 1967 ndipo Bosch ya Ujerumani ilipoweka mfumo wa kielektroniki kwenye Volkswagen 1600 na ukauzika kwa wingi. Tangu siku hiyo injini ikawa baraza: kuna mashahidi, na kuna hakimu anayeamua petroli kiasi gani imwagwe.

Hakimu huyo, yaani kompyuta, hajawahi kuiona injini. Yuko kizani ndani ya sanduku la bati. Anachojua kuhusu dunia ni volti zinazomfikia kwa waya. Sensa ya joto haimwambii kwamba kuna joto. Inabadilisha ukinzani wake tu. Sensa ya kawaida ya aina ya Bosch huwa na takriban omu 2,500 maji yakiwa nyuzi 20, na kama omu 300 yakifika nyuzi 80. Kadiri injini inavyopoa, ukinzani unapanda. Sasa tuseme waya wa sensa hiyo umekatika. Ukinzani wa waya uliokatika hauna mwisho, na ukinzani usio na mwisho, kwa lugha ya sensa, maana yake ni baridi isiyo na mfano. Mifumo mingi husoma hapo nyuzi 40 chini ya sifuri. Ile iliyotengenezwa kwa uangalifu inashtuka na kuweka namba ya dharura. Ya bei nafuu inaamini. Basi ni saa saba mchana Busia, jua limesimama utosini, wauza maji wanatokwa jasho, na chini ya boneti kuna hakimu anayeapa kwamba amezungukwa na barafu. Anamimina petroli kama anayewasha gari Siberia. Moshi mweusi unatoka. Mwenye gari anaambiwa kompyuta imekufa, anunue nyingine.

Kompyuta haijafa. Imefanya sawasawa ilivyofunzwa. Kasoro yake ni kwamba haiwezi kushangaa.

Wanazuoni wa Kiislamu walilijua tatizo hili karne nyingi kabla ya Bosch. Imamu Bukhari, mkusanyaji wa hadithi za Mtume, aliyezaliwa mwaka 810 na kufariki 870, hakuwahi kumwona Mtume wala mtu aliyemwona. Alichokuwa nacho ni habari zilizopita midomo mingi. Kazi yake na ya wenzake haikuwa kukubali zote wala kuzikataa zote, bali kuikagua njia iliyopita kila habari. Isnadi, yaani msururu wa wapokezi, ilichunguzwa mtu baada ya mtu: alikuwa mwadilifu? Alikuwa na hifadhi nzuri? Aliwahi kweli kukutana na yule anayedai kumsikia? Kisha matini, yaani maneno yenyewe, nayo yakapimwa kama yanapingana na yaliyothibiti. Habari ikitoka kwa msururu uliokosa mtu katikati, huitwa munqatii, iliyokatika. Fundi wa waya angetumia neno hilohilo.

Mlingano huu hauishii kwenye neno moja. Mpokezi anayeficha udhaifu wa aliyempa habari huambiwa amefanya tadlisi. Magari ya zamani yaliyofungwa mfumo mpya yamejaa tadlisi. Vua utepe mweusi uliozungushwa kwenye waya wa sensa na mara nyingi utakuta nyaya mbili zilizosokotwa kwa vidole, hazikuchomelewa kwa risasi, hazikubanwa kwa kiungo, zimeota kutu ya kijani. Kwa nje ni waya mmoja mweusi wenye heshima zake. Ndani kuna mpokezi dhaifu aliyefichwa. Na kosa linalotajwa sana katika kazi hii, erthi mbovu, ni kosa la aina hiyohiyo. Sensa zote zinapimwa kwa kulinganishwa na sifuri moja, yaani chuma cha injini. Erthi ikifungwa juu ya rangi badala ya chuma kitupu, sifuri yenyewe inaelea, na mashahidi wote wanaonekana waongo kwa pamoja. Fundi mwenye pupa atabadilisha sensa tano. Aliyesoma isnadi atajiuliza: inawezekanaje watu watano wasiojuana wakosee siku moja? Atatafuta walipokutania.

Hapa msomaji anaweza kuhisi kwamba makala haya yanamlilia fundi wa zamani, yule wa macho na pua. Si hivyo. Jicho nalo ni sensa.

Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, anasimulia katika kitabu kuhusu maisha yake jinsi alivyopoteza imani na hisia zake kwa muda. Jicho linauona uvuli umetulia, kumbe unasogea. Linaiona nyota ndogo kama dinari, kumbe hesabu inathibitisha ni kubwa kuliko dunia. Ikiwa shahidi wa karibu kuliko wote anaweza kukanushwa hivyo, akajiuliza, nani atabaki? Fundi wa Busia ana Ghazali wake barabarani. Anaiweka kabureta vizuri kabisa kwa macho na masikio, mahali palipo kama mita 1,200 juu ya bahari. Plagi inatoka kahawia, kazi safi. Gari linaondoka kwenda Nairobi, linapanda Timboroa, zaidi ya mita 2,700, hewa inakuwa nyepesi, na kabureta ileile sasa inamwaga petroli nyingi kuliko hewa iliyopo. Gari linakuwa zito kama linavuta trela. Macho ya fundi hayakudanganya, ila yalitoa ushahidi wa Busia tu. Sensa ya shinikizo la hewa, ambayo fundi wa kale haiamini, ingeyajua mabadiliko hayo kila mita ya kilima na kuyarekebisha bila kusimama. Kwa hiyo anayesema turudi kwenye kabureta ili tusitegemee mashahidi anajidanganya. Alikuwa akitegemea shahidi mmoja muda wote, na shahidi huyo ana macho mawili tu na hafiki Timboroa.

Kuna hitilafu nyingine, na hii ina falsafa nyingi zaidi kwa kuwa ndani yake hakuna mwongo hata mmoja. Kwenye bomba la moshi huwa kuna sensa ya oksijeni. Kazi yake ni kupima oksijeni iliyobaki baada ya kuungua, ili kompyuta ijue kama mchanganyiko uko karibu na kilo 14.7 za hewa kwa kilo moja ya petroli. Oksijeni ikibaki nyingi, kompyuta inahitimisha kwamba petroli ilikuwa kidogo, inaongeza. Ni hoja nzuri kwa injini nzima. Lakini tuseme silinda moja haikupata cheche, kwa sababu waya wa plagi umepasuka au kifuniko cha distributa kina ufa. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika inahitaji cheche 100 kila sekunde. Ikikosa chache tu, gari linamisi. Silinda iliyokosa cheche haikuunguza kitu, kwa hiyo oksijeni yake yote inatoka nje kama ilivyoingia. Sensa inaripoti: kuna oksijeni nyingi. Ni kweli tupu. Kompyuta inaongeza petroli. Petroli inalowesha plagi, plagi iliyolowa inakosa cheche zaidi, oksijeni inazidi, kompyuta inaongeza tena. Mwenye gari anatazama kioo kidogo cha mfumo wake, kinamwambia petroli ni haba, huku nyuma moshi ni mweusi kama wa tanuri. Shahidi amesema kweli na hukumu imepotoka, kwa sababu aliulizwa habari za oksijeni na jibu lake likachukuliwa kuwa habari za petroli.

Ni watu wangapi wamehukumiwa hivyo, si chini ya boneti bali barazani? Jirani alimwona fulani akitoka nyuma ya nyumba usiku. Alimwona kweli. Mengine yote yaliongezwa na waliosikiliza.

Halafu kuna waswasi. Neno hili Waswahili walilitoa kwenye dini kabla halijawa ugonjwa wa mjini: ni mnong'ono wa shetani anayemtia mtu shaka wakati wa sala, asijue amesali rakaa tatu au nne. Umeme wa cheche hufikia makumi ya maelfu ya volti, na kila unaporuka hutoa mawimbi ya redio. Ndiyo maana gari la zamani lilikuwa likitia mkwaruzo kwenye redio ya jirani. Waya wa plagi wa aina ya kale, wenye shaba tupu bila ukinzani ndani yake, ni mnara wa matangazo. Ukipita sambamba na waya wa sensa ya mzunguko, kompyuta inasikia cheche ambazo hazikuwepo. Inahesabu mizunguko 900, mara 4,000, mara 700. Haijui imesali rakaa ngapi. Dawa ni ile ile ambayo masheikh huwapa wenye waswasi: usiufuate mnong'ono, jiepushe nao. Weka waya za plagi zenye ukinzani na plagi za aina hiyo, tenga nyaya za sensa mbali na koili, na waya wa mzunguko uwe wenye kinga ya wavu.

Hitilafu za namna hii, za kuja na kuondoka, ndizo zinazozaa hadithi. Gari linazima kwenye foleni ya malori mpakani Malaba saa nane mchana, linakaa kivulini nusu saa, linawaka. Gerejini halioneshi tatizo. Barabarani linarudia. Baada ya mara ya tatu mtu anasema limelogwa, au lina jini, na mwingine anapendekeza lisomewe dua. Mwandishi mwepesi angecheka hapa. Lakini dini za mpakani, msikiti wa Busia na kanisa la Tororo, upande wa Uganda, kwa pamoja, hazikani kuwepo kwa visivyoonekana, na kumcheka anayeziamini si hoja. Wanazuoni wa Kiislamu walifanya jambo la busara zaidi: waligawa ghaibu sehemu mbili. Kuna ghaibu ambayo ni ya Mungu peke yake, na kuna ghaibu ya kiasi, iliyofichika kwako lakini si kwa aliyesimama mahali pengine. Kilichomo chumba cha pili ni ghaibu kwako mpaka ufungue mlango. Moduli ya cheche inayokatika ikipata joto na kurudi ikipoa, petroli inayochemka ndani ya bomba lililopitishwa karibu na eksozi, hizo ni ghaibu za kiasi. Mlango wake ni kipimajoto na mita. Kuziita ghaibu ya Mungu hakumtukuzi Mungu. Kunamvika kazi ambayo fundi hakutaka kuifanya. Dua isomwe, na mita ishikwe. Mtu aliyeambiwa na Mtume amfunge ngamia kisha amtegemee Mungu hakuambiwa achague moja.

Suala la idadi ya mashahidi halihusu Pijo tu. Tarehe 10 Machi 2019, ndege ya Ethiopian Airlines namba 302 iliondoka Addis Ababa kuelekea Nairobi na kuanguka dakika sita baadaye. Watu 157 walikufa, 32 kati yao Wakenya. Ilikuwa Boeing 737 MAX, aina ileile iliyoanguka Indonesia Oktoba 2018 na kuua watu 189. Katika ajali zote mbili, programu ya kompyuta ilisukuma pua ya ndege chini kwa kuamini sensa moja ya pembe ya upepo iliyotoa habari isiyo sahihi. Ndege ilikuwa na sensa mbili. Programu iliundwa isikilize moja kwa kila safari. Baada ya vifo hivyo ikaandikwa upya ili izilinganishe zote mbili.

Torati, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 19, inakataza mtu kuhukumiwa kwa kauli ya shahidi mmoja na kutaka wawili au watatu. Qurani, katika sura ya Baqara aya ya 282, inataka deni liandikwe na mashahidi wawili waitwe. Maandiko hayo yana umri wa karne nyingi na yanasomwa hadi leo, hata na baadhi ya wanaotengeneza na kurusha ndege. Waundaji wa magari walilikubali somo hilo mahali pengine: kanyagio la mafuta la umeme kwenye magari ya kisasa huwa na sensa mbili, na zikipingana kompyuta hupunguza nguvu badala ya kuchagua anayependeza. Sheria ya Kenya nayo haiamini mashine peke yake. Kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinataka kumbukumbu ya kielektroniki iletwe mahakamani pamoja na cheti kilichotiwa saini na mtu anayewajibika kwa kifaa kilichoitoa. Lazima apatikane binadamu wa kuulizwa. Mifumo mingi inayouzwa kwa magari ya kale haina anasa hiyo. Ina sensa moja ya joto la maji, moja ya hewa, moja ya oksijeni. Shahidi wa pili inabidi awe fundi mwenyewe, na hapo ndipo yule mtu wa macho na pua anaporudi barazani kwa heshima: plagi nyeusi mkononi mwake ni ushahidi dhidi ya kioo kinachosema petroli ni haba.

Fundi wa aina hiyo anapatikana wapi? Upande wa kusini wa Busia, Ugenya katika kaunti ya Siaya, ndiko alikozaliwa mwaka 1944 Henry Odera Oruka, mwanafalsafa aliyesoma Uppsala, Sweden, kisha Chuo Kikuu cha Wayne State huko Detroit, mji wa magari wa Marekani. Alirudi Nairobi kufundisha, na kuanzia miaka ya 1970 akaenda vijijini na kinasa sauti kuwahoji wazee, wengi wao wasiosoma, ili kujibu dharau kwamba Afrika haikuwa na falsafa. Kitabu chake kuhusu wenye hekima kilitoka mwaka 1990. Tofauti aliyoiweka humo inafaa kubandikwa kwenye ukuta wa kila gereji. Kuna mwenye hekima wa jadi, anayejua vizuri yote ambayo jamii yake inayajua na kuyarudia kwa ufasaha. Na kuna mwenye hekima wa kifalsafa, anayejua hayohayo kisha akauliza kama ni kweli. Fundi wa kwanza akiona moshi mweusi anabadilisha sensa ya oksijeni kwa sababu ndivyo ifanywavyo. Wa pili anachomoa soketi ya sensa hiyo, anaiacha injini iende bila ushahidi wake, na kutazama kitakachobadilika. Kumnyamazisha shahidi mmoja ili uwasikie wengine ni hoja ya kifalsafa kamili, ingawa imefanywa na mikono yenye grisi.

Hata mwenye hekima wa pili ana mpaka wake, na mpaka huo una harufu. Hakuna sensa kwenye mfumo huu inayoweza kumwambia kwamba petroli imechakachuliwa kwa mafuta ya taa. Injini itagonga, itakosa nguvu, na mashahidi wote watasema hali ni ya kawaida, maana hakuna aliyeulizwa swali hilo. Mpakani jambo hili halihitaji mawazo mengi. Petroli ya jerikeni na ya chupa imekuwa ikifuata bei upande wowote inakopanda, na Januari 2022, madereva wa malori walipogomea upimaji wa Korona Malaba na Busia, petroli ilikauka Uganda na bei ikaruka. Dhidi ya uchakachuaji, Kenya ilichukua njia mbili. Mwaka 2018 iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, ili kuyachanganya na petroli kusilipe. Na inatia alama ya kemikali kwenye mafuta ya taa na kwenye mafuta yanayosafirishwa nje, ili mkaguzi ayatambue yakiuzwa kwenye kituo yasikotakiwa. Kwa maneno mengine, serikali imemzamisha shahidi ndani ya mafuta yenyewe. Maskini anayepikia jiko la mafuta ndiye aliyebeba tozo ile.

Turudi kwa Pijo yetu, ambayo bado imefunguliwa boneti. Fundi mzuri hataanza na kompyuta. Ataweka waya mmoja wa mita kwenye hasi ya betri na mwingine kwenye chuma cha injini, amwambie mwenye gari apige stata. Ikisoma karibu nusu volti, erthi ni mbovu, na kesi ya sensa zote imefutwa. Atatazama betri wakati huohuo. Ikishuka chini ya volti kumi, huenda kompyuta inazima na kujiwasha upya katikati ya kupiga stata. Kisha atapima shinikizo la petroli likiwa baridi na likiwa moto. Kisha cheche. Kisha, mwisho kabisa, atasoma namba za kwenye kioo, na kila namba atailinganisha na kitu anachoweza kukishika: joto la hewa asubuhi kabla injini haijawashwa lilingane na la maji, maana injini iliyolala usiku kucha ina joto moja na uwanja ilikolala. Zikitofautiana nyuzi 20, mmoja wa mashahidi hao wawili, sensa ya hewa au ya maji, ana neno la kueleza. Kipimo hicho cha asubuhi hakigharimu senti na hakihitaji kifaa kingine chochote, nacho hurukwa mara nyingi.

Mita ya kawaida inauzwa pande zote mbili za mpaka kwa bei ndogo kuliko tangi la petroli. Ukifika Busia au Tororo na gari la namna hii likakohoa, muombe fundi akuoneshe alichopima kabla hajakutajia bei ya kompyuta. Na akikujibu kwamba hakuna haja ya kupima kwa kuwa anaijua hitilafu hiyo tangu zamani, mshukuru, funga boneti, na umtafute mwingine.